Muhula wa Goti la Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Februari

Muhula umefunguliwa na Bwana Tena ameanza na balaa lake. Jina lake halisi limeandikwa kwenye mlango wa ofisi, lakini darasa zima la mwaka wa tatu wa sayansi ya michezo tunamwita hivyo, kwa sababu ukimpelekea kipimo chochote, hata kiwe kizuri namna gani, anasukuma miwani juu na kusema, "Rudia tena." Leo ametangaza kazi ya muhula. Kila mmoja atafute mtu wa nje ya chuo ambaye mwili wake unahitaji kurudishwa mahali fulani, amfundishe mazoezi mpaka Mei, ampime, aandike ripoti, kisha aitetee mbele ya wahadhiri watatu.

"Asiwe mwanafunzi mwenzako," akasema, "wala mpenzi wako. Nataka mtu mwenye shughuli zake, atakayekukimbia."

Kasi, ninayekaa naye meza moja maabara, zamani alikuwa mkimbiaji wa mita mia, na hajakubali bado kwamba ni zamani. Yeye ameshampata mtu wake, mlinzi wa benki mwenye kitambi. Mimi sikuhitaji hata kufikiri. Nina mama mdogo.

Jumanne, 4 Februari

Nimemfuata saluni kwake.

Mama mdogo ni kitindamimba wa bibi, na amenizidi miaka mitano tu. Tumelala kitanda kimoja na kugombea sahani moja, lakini shikamoo yake ni lazima. Nikisahau, anasimama palepale na kungoja, kama mtu anayengoja chenji. "Nilikubeba mgongoni wewe," husema. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, hukanusha: "Alikubeba mara moja, akakuangusha."

Mchana ni msusi. Jioni, mpaka mwaka jana, alikuwa mlinzi wa goli wa timu ya netiboli ya mtaa wetu, na kwa urefu wake wenzake wakimwita Mnara. Mei iliyopita, kwenye mchezo wa mwisho wa ligi, aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu wa kushoto, goti likaenda njia yake. Ukano wa ndani, ule unaoshika mifupa ya goti, ulikatika. Timu ikakosa kupanda daraja kwa goli moja, na yeye akapasuliwa. Mwaka huu mchezo wa mwisho ni tarehe kumi na saba Mei. Kocha amesema hamwingizi uwanjani bila neno la daktari, na daktari amesema hatoi neno bila vipimo. Vipimo ni mimi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso wa kuomba kitu?"

Nikamweleza. Vidole vyake havikusimama, vinasuka tu.

"Nikikubali, Mei nacheza?"

"Ukifuata nitakavyokwambia."

Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa, akadakia: "Mtoto wako ndiye atakufundisha kuruka?"

"Anasomea kuruka huyu," mama mdogo akasema. "Wenzake wanasoma sheria."

Lakini amekubali. Wakati natoka aliniita: "Profesa! Usinichezee. Mwaka mzima nimekaa benchi na wamama wenye vikapu. Nataka kucheza."

Ijumaa, 7 Februari

Kipimo cha kwanza. Ukikitazama ni mchezo wa watoto. Unasimama kwa mguu mmoja, unaruka mbele kadiri uwezavyo, unatua kwa mguu huohuo na kutulia. Kisha unaruka kwa mguu wa pili. Anayepima anachukua umbali wa mguu mgonjwa, anaulinganisha na wa mguu mzima, anapata asilimia. Kitabu chetu kinasema ukifika tisini unaweza kurudi uwanjani.

Mama mdogo alikuja amevaa kama anakwenda harusini ("chuo ni chuo"), akabadili nguo chooni. Mguu wa kulia uliruka vizuri. Wa kushoto ulisita, ukaruka kama kuku aliyefungwa kamba. Sitini na moja.

"Rudia tena," Bwana Tena akasema nyuma yetu. Hatukujua hata kama yupo.

Akarudia. Sitini na moja ileile.

"Huyu mzee ana nini?" mama mdogo akaninong'oneza.

"Ndivyo alivyo."

"Mkewe ana kazi."

Jioni nimeandika programu. Kuchuchumaa, kupanda ngazi, kuruka na kutua, yote kwa mguu wa kushoto peke yake. Wa kulia nimeupiga marufuku. Miezi yote hii ndio umekuwa ukimfanyia mwenzake kazi na kumdekeza. Sasa ukae pembeni, mvivu ajitegemee.

Jumatano, 12 Februari

Mazoezi. Jua kali. Amelalamika kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jumanne, 18 Februari

Tunafanyia uani nyumbani, baada ya mama mdogo kufunga saluni. Ua wetu ni sakafu ya saruji, kamba ya nguo, na pipa la bluu la maji ambalo tangu liwekwe pale hakuna aliyewahi kulisogeza. Mama anakaa kwenye kizingiti akikunja nguo na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

Hapahapa ndipo nilipompima mama mdogo kuruka mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa kwanza, nilipopewa zoezi la kupima watu wa nyumbani. Mama alikataa. Baba alisema mgongo unamuuma, mgongo ambao haukuwa umemuuma asubuhi. Mama mdogo peke yake aliruka, tena kwa majivuno, enzi hizo magoti yote mawili yakimtii.

Leo alikuwa anachuchumaa kwa mguu wa kushoto huku ameshika kamba ya nguo, jasho linamtoka, akasema, "Wenzio wakisoma, wanawaletea wazazi raha."

"Shuka kidogo zaidi, mama mdogo."

"Nakushukia wewe."

Alhamisi, 27 Februari

Sabini! Mlinzi wa benki amemkimbia Kasi. Ameacha ujumbe kwamba kitambi amekizoea.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuja. Jumatatu pia hakuja. Nimempigia simu, nasikia mashine ya kukaushia nywele na watu wanacheka. "Kesho, mwanangu." Kesho yake ni kama ya fundi cherehani. Anataka kucheza Mei lakini hataki kutoa jasho Machi, mvivu. Nimechoka naye, nasema ukweli.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka asubuhi, nikakimbilia saluni kujificha, na kwa kuwa haikuacha, nimekaa pale mpaka jioni. Sijawahi kukaa kwake kutwa nzima.

Hakuketi. Alisuka watu watatu mfululizo amesimama. Chai yake nayo ilisimama, juu ya kabati la mafuta ya nywele, ikapoa, akainywa hivyohivyo. Kila mteja anayeingia ana habari zake, na anataka zisikilizwe, na kichwa kisivutwe, na amalizwe haraka. Uzito wote anauweka mguu wa kulia. Wa kushoto umeegemea tu, kidole kimegusa sakafu.

Nilikuwa namwita mvivu humu ndani. Nafuta. Mtu anayesimama hivi kutwa, kisha anakuja uani kwangu kuchuchumaa, si mvivu. Tumekubaliana mazoezi yawe asubuhi kabla hajafungua. Na mguu wa kulia unavyobeba siku nzima, angalau huo sina wasiwasi nao.

"Unaandika nini?" aliniuliza.

"Namna unavyosimama."

"Andika pia kwamba sijala."

Nikaenda kumnunulia mkate.

Alhamisi, 20 Machi

Themanini na mbili. Asubuhi zinamfaa. Mvua kila siku sasa, tunafanyia barazani.

Alhamisi, 3 Aprili

Themanini na nane. Nimempelekea Bwana Tena mchoro wa maendeleo, mstari mmoja mzuri unaopanda kama ngazi. Aliutazama sana.

"Hizi ni asilimia," akasema. "Niletee sentimita. Za miguu yote miwili."

"Asilimia zimetokana na sentimita, mwalimu."

"Najua zimetokana na nini."

Mzee huyu hawezi kufurahi na mtu. Nitampelekea siku nikiwa na nafasi. Sasa hivi nina mtihani wa fiziolojia na nguo ambazo hazikauki.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Fiziolojia ilikuwa ngumu kama tulivyoahidiwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Tisini na nne!

Amerudia, kwa sababu tulikuwa tunajua tungeambiwa arudie, ikatoka tisini na nne tena. Mama mdogo alinibeba. Kweli, alininyanyua mbele ya darasa zima na kunizungusha, Kasi akapiga makofi, mimi nikapiga kelele kwamba goti, goti! "Goti lako wewe!" akasema. "Langu limepona."

Tumekwenda wote kwa daktari na karatasi ya vipimo. Akaipitia, akalishika goti, akalivuta huku na huku, akasema kama namba zinasema hivyo, yeye hana pingamizi. Tukatoka pale kwa kocha. Kocha ni mwanamke mfupi asiyependa maneno. Alisema, "Jezi yako sikumpa mtu," akaingia ndani. Mama mdogo alilia njiani, akasema ni mvua.

Saluni wanajua. Mtaa unajua. Jezi imeshapigwa pasi, na bado wiki tatu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeanza ripoti. Kurasa zinakuja zenyewe.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua ya alfajiri ilikuwa si ya kawaida. Mfereji wa bati juu ya jikoni ulianguka, na maji yote ya paa yakaanza kumwagika mbele ya mlango wa nyuma. Mama akaamua pipa lihamie pale liyapokee. Tukalipunguza kwa ndoo, tukalisukuma, mama akilitukana kwa adabu. Lilipotoka mahali pake, familia ya mende ikatawanyika, na sakafuni, kwenye duara safi la saruji, kulikuwa na mistari miwili. Mmoja mwekundu, mmoja wa zambarau. Kando yake mwandiko wangu wa mwaka wa kwanza: *kulia*, *kushoto*.

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Siku ile hatukuwa na chaki, na mama mdogo akatoa chupa mbili za rangi ya kucha mkobani, tukaweka alama pale alipotua. Mwanzo ulikuwa ukingo wa ngazi ya jikoni. Miezi michache baadaye pipa likaja kukaa juu ya alama zile.

Mama mdogo aliingia wakati huo, yuko njiani kwenda kazini, mwavuli mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. He! Rangi yangu ile! Ilikuwa ya bei, unakumbuka? Mkaipaka sakafuni, washenzi nyie."

Akacheka, akavua viatu, akasimama kwenye ngazi kwa mguu wa kulia, ule mzima, ili aukanyage ule mstari mwekundu kwa maringo. Akaruka. Hakuufikia. Alitua shibiri nzima na zaidi nyuma yake.

"Sakafu ina maji," akasema.

Nikaikausha kwa gunia. Akaruka tena, akatua palepale. Mara ya tatu aliruka kwa hasira kidogo, akafika palepale.

"Nimezeeka, mwanangu," akasema, akavaa viatu, akaenda zake akiimba. Mama akaniuliza mbona nimechuchumaa kama niliyepotewa na sindano. 

Jibu ninalo sasa, na nataka niliandike taratibu nisije nikajidanganya. Mguu wa kulia haujawahi kuumia. Kama leo hauwezi kufika ulipofika zamani, basi umepungua nguvu. Ulikaa kitandani naye baada ya upasuaji, ukatembea naye kwa magongo, na tangu Februari mimi mwenyewe nimeupiga marufuku. Kusimama saluni kutwa hakumfundishi mtu kuruka. Na mimi muhula mzima nimekuwa nikiupima mguu mgonjwa kwa kuulinganisha na mguu huu unaopungua. Tisini na nne ya nini?

Jumapili, 4 Mei

Nimezifungua sentimita, zilezile nilizoombwa. Zilikuwamo muda wote, safu mbili pembeni ya asilimia, sikuzitazama hata siku moja. Mguu wa kushoto umepanda, ni kweli, amefanya kazi. Lakini wa kulia umeshuka kidogo kila kipimo. Nilikuwa nashangilia mgonjwa anavyopanda kumfuata mwenzake, nisione mwenzake anateremka kumlaki.

Nimelinganisha mguu wa kushoto na mstari wa zambarau, alipofika yeye mwenyewe kabla hajaumia. Haujatimia hata asilimia themanini. Kitabu, sura ambayo niliipitia juujuu, kinasema anayerudi uwanjani namna hii yumo hatarini kukatika ukano tena, na mara nyingine linalokatika ni goti la upande wa pili, lile zima.

Naogopa. Sitafuti neno zuri zaidi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemweleza Kasi tukiwa tunapanga vifaa.

"Kitabu kinasema tisini," akasema. "Wewe una tisini na nne. Daktari amekubali. Kitabu hakikutaja pipa."

"Ungekuwa wewe?"

Nilitegemea mzaha. Akaendelea kukunja utepe wa kupimia mpaka ukaisha.

"Mimi nilipoumia msuli wa nyuma ya paja, wote waliniambia niko tayari," akasema. "Walitaka nikimbie. Mimi pia nilitaka. Hakuna aliyekuwa mbaya pale." Kisha akaniuliza kama nimebakiwa na karanga. Mwaka wa tatu huu nakaa naye, sikuwahi kumuuliza kwa nini aliacha kukimbia. Nilidhani alichoka.

Jumanne, 6 Mei

Ofisi ya Bwana Tena ina kiti kimoja cha mgeni na kina mafaili juu yake, kwa hiyo nilisimama. Nikampa sentimita, nikamweleza pipa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Niliziomba Aprili," akasema, bila ukali.

"Ndiyo, mwalimu. Nilidhani unanisumbua."

"Wengi hudhani. Mchezo ni lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

"Basi umewahi." Akatoa mafaili kitini, akayaweka chini. "Keti. Mguu wa kulia tunauanzia wapi?"

Tukafanya kazi mpaka chai yake ikaisha. Miezi mitatu au minne mingine, kama atakubali. Hakutaja alama hata mara moja, nami nikaona aibu kuuliza. Wakati natoka akasema, "Mwambie yeye kwanza. Daktari baadaye. Goti ni lake."

Jumatano, 7 Mei

Nimeshamwambia.

Nilingoja mteja atoke, lakini saluni haina saa ya kutokuwa na mtu, mwishowe nikamwomba tuzungumze nyuma, kwenye sinki la kuoshea nywele. Akaja na kitana mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufa?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza vizuri, na nikaeleza vibaya, mara asilimia, mara shibiri, mara kitabu. Akanisimamisha.

"Sema neno moja. Nacheza, sichezi?"

"Hujawa tayari."

Akakichomeka kitana nyweleni mwake.

"Lakini nilifika tisini na nne. Wewe ndiye ulisema."

"Nilikosea. Nilipima nusu."

"Kila nilichofanya ni ulichoniambia. Uliponiambia mguu wa kulia ukae, ulikaa. Asubuhi na mvua nimekuja kwako. Kweli si kweli?"

"Kweli, mama mdogo."

"Sasa nikuulize. Ulikuwa unasoma mguu wangu, au ulikuwa unasoma mtihani wako?"

Nikamwambia sijui, kwa kuwa sikuwa na uhakika, na yeye alikuwa na haki ya kuona kwamba sina uhakika.

"Daktari umemwambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Na nikikwambia usimwambie?"

Alikuwa ananitazama machoni, akiwa ameinama kidogo kwa urefu wake, kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nimevunja kitu na yeye anapima kama amwambie mama au anifiche. Mara nyingi alinificha. Nilikumbuka yote hayo.

"Nitamwambia," nikasema. "Kesho asubuhi."

Akageuka, akarudi kwa mteja. Nilipopita kutoka alikuwa ameshaanza kusuka, na mteja anasema hajamvuta hivi siku nyingi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia daktari, kisha kocha. Daktari alishukuru. Kocha hakushukuru.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekutana na mama mdogo nyumbani. Nikamwamkia. Hakuitikia. Maisha yangu yote hii ni mara ya kwanza shikamoo yangu kwake kuning'inia hewani. Mama alisikia, akaniongezea chai.

Jumatatu, 12 Mei

Hajaja mazoezini. Mvua imepungua.

Jumatano, 14 Mei

Hajaja.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda uwanjani na mama, tukakaa upande wa mbali, kwa woga wangu. Uwanja ulikuwa umekauka isipokuwa kona moja, wakaimwagia vumbi la mbao.

Mama mdogo alikuja na timu, amevaa suti ya mazoezi ya timu mpaka shingoni. Nilidhani amemshawishi kocha. Nikaanza kushuka ngazi bila kujua nakwenda kumwambia nini. Kisha nikaona miguuni amevaa ndala.

Aliketi mwisho wa benchi. Robo ya kwanza aliitazama ameegemea nyuma. Msichana aliyepewa nafasi yake alikuwa anapitwa kila mara, na wapinzani wakaongoza. Robo ya pili nikaona mama mdogo amesogea mbele kidogo, kisha kidogo tena, kisha amesimama na kocha amemwachia. "Usimtazame usoni! Tazama kiuno! Kiuno hakidanganyi!" Sauti ile, nadhani na wale wa mtaa wa pili waliisikia. Msichana akaanza kutazama viuno. Akadaka mmoja. Akadaka mwingine.

Wameshinda. Wamepanda daraja. Watu wakaingia uwanjani, na mama mdogo alikuwa katikati yao, mrefu kuliko wote, anacheka na kupiga vigelegele, na yule msichana amemng'ang'ania shingoni.

Tulirudi kwa miguu, mama mbele na rafiki zake, sisi wawili nyuma bila kupanga. Tulipita maduka yote. Karibu na kona ya nyumbani akasema, akitazama mbele:

"Nilikuwa naomba wafungwe."

Nikapunguza mwendo.

"Kidogo tu. Goli moja. Ili waseme, angekuwepo Mnara." Akajifuta pua kwa mkono wa suti. "Ukimwambia mtu, nakunyoa nywele zote."

"Simwambii."

"Na sijakusamehe."

"Sawa, mama mdogo."

Akaingia kwake.

Jumatano, 21 Mei

Nimeitetea ripoti. Niliitupa ile ya mwanzo na kuandika nyingine kama mambo yalivyokwenda, pipa na mende wakiwemo. Mhadhiri mgeni aliuliza, kwa hiyo mtu wako hakurudi uwanjani? Nikasema hakurudi. Akauliza, basi kazi yako ya muhula imezaa nini? Nikasema magoti mawili ambayo hayajakatika. Haikuwa jeuri, ndilo jibu nililokuwa nalo. Bwana Tena alisukuma miwani juu. Nikajua tu kwamba ataniambia nirudie, lakini akasema, "Sina swali."

Nimefaulu. Alama ya wastani. Kasi amenizidi, na mtu wake wa kwanza alimkimbia Februari.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imekwisha. Fundi amekuja kurudisha mfereji wa bati, na mama ameamuru pipa lirudi mahali pake. Nilikuwa nimeshalikumbatia tayari kulisukuma, mlango wa nyuma ukafunguka.

"Shikamoo," nikasema. Kila nikimwona nimeendelea kumwamkia, na kila mara ananipita.

Hakuitikia. Alivua viatu, akaviweka sambamba kando ya ukuta, akakunja gauni na kulifunga kiunoni. Akatoa mkobani chupa mbili za rangi ya kucha, kijani na njano, akaziweka kwenye ngazi.

"Liache hilo pipa," akasema.

"Maji ya kufulia nitachota wapi?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Hapohapo lilipo, dada. Halirudi mpaka niupite mstari wangu mwekundu. Na wa zambarau."

"Mpaka lini?"

Mama mdogo akanitazama mimi.

"Septemba," nikasema. "Labda Oktoba. Nikipima miguu yote miwili."

Akasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa mguu wa kulia, mikono kiunoni. Akaruka, akatua, akatulia. Nikapiga magoti na kuweka alama ya kijani sakafuni, nyuma ya kisigino chake. Akarudi kwenye ngazi, akaruka kwa kushoto, nikaweka ya njano. Kutoka pale hadi kwenye mistari ya zamani saruji ilikuwa tupu, tukaitazama wote watatu, mama akiwa na sufuria mkononi.

"Tena," akasema mama mdogo, akarudi kwenye ngazi. Halafu kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau jikoni, akageuka.

"Marahaba, mwanangu. Haya, shika rangi."